Waya Uliopita Dirishani

Mashine ikiongea, mke wangu anaondoka. Isipoongea, anabaki. Ndivyo ilivyokuwa siku ile, na mimi nimekaa nje kwenye kigoda, mgongo ukutani, jua limenikalia magotini kama mtoto asiyetaka kushuka. Nasubiri nisikie kama nyumba yangu itabaki na mtu ama haitabaki. Hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Na angeniuliza ningemjibu kwa sauti ya mtu mwingine, maana ndiyo tabia yangu, na nilikuwa nimechoka kujibu kwa sauti yangu.

Nikisema "mke wangu" wageni wanashtuka. Walimu na manesi wanaoletwa hapa Kenyamonta kutoka mikoa ya mbali, wakisikia wanainamisha kichwa upande kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe: "Mke wako, bibi? Yaani mke... mke?" Mke. Tumbo langu lilitoa wasichana watupu. Wote wakaolewa, mume akafa. Kwetu Wakurya nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi ianguke. Mwanamke anatoa ng'ombe zake, anaoa mwanamke, na watoto atakaozaa huyo na mwanaume wa nje wanakuwa wa nyumba yake, wajukuu zake. Inaitwa nyumba ntobhu. Basi nikaoa. Nilimtoa kijiji cha Susuni, kule Tarime, mwanamke mzima, siyo mtoto. Ng'ombe wakaenda kwa baba yake, yeye akaja kwangu. Akanizalia wajukuu wawili wa kiume, sasa wako shule ya bweni. Tumebaki mimi na yeye, na mbuzi, na mihogo, na umeme ambao ukikaa siku nzima bila kukatika tunauaga kama mgeni mwema.

Mashine yenyewe mke wangu aliinunua kwa mwalimu mmoja wa kike, mtu wa pwani, aliyekuwa amehamishwa. Yule mwalimu akiongea ni kama anapaka samli kwenye mkate. "Bibi yangu, hii kompyuta nzima kabisa, haina neno, imekosa kitu kimoja tu, haina pa kuingizia sidii." Nikamwambia mke wangu, "Huyo ni ng'ombe mzima kabisa, amekosa kitu kimoja tu, mdomo." Akacheka, akanunua vilevile.

Sidii ndiyo ilikuwa shida yote. Huku kwetu kila nyumba ina sidii kwenye kabati la vyombo, imefungwa kwenye kitambaa kama dawa: harusi, mazishi, kwaya, siku ya ng'ombe. Deki zilizokuwa zinazicheza zimekufa, panya wamekula nyaya. Vijana wana simu, na simu haili sidii. Sasa mke wangu alimwona mtu kule Sirari, mpakani, anachukua sidii ya mtu, anaipitisha kwenye kompyuta, anaitia kwenye kadi ndogo kama ukucha, mwenyewe anaondoka anaangalia harusi yake kwenye simu akitembea. Watu wamejaa mlangoni kwake. Mke wangu akarudi na hiyo habari, na macho ya mtu aliyekunywa kitu.

Aliniambia tukiwa tunapalilia. Akasema, "Mama, dada yangu ana chumba Sirari. Mbele kina dirisha la barabarani."

Hakusema ataondoka. Alisema chumba kina dirisha. Mimi nikaendelea kupalilia, na niliposhtuka nilikuwa nimeng'oa mhogo wenyewe nikaacha majani.

Sikumwambia usiende. Mtu uliyemtolea ng'ombe ukimwambia usiende, hilo siyo ombi tena. Nikajisemea, labda hiyo mashine haitapona.

Fundi akaja asubuhi kutoka Busawe, na pikipiki yake, na mfuko wa bisibisi, na kile kidude cha kusomea sidii amekitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Ufundi wake alijifunza upande wa Kenya, na maneno yake yalibaki kulekule. "Hii kitu ni rahisi sana! Wacha niifungue, ni mambo ya dakika!" Fundi akikwambia ni dakika, weka maharage jikoni.

Lakini huyo fundi ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu wa kwanza. Na kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Nikipita njia hii, yeye anapita porini. Siyo ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe, na huyu anaiweza kuliko wenzake wote. Akinisalimia anageukia mti. Shikamoo yake inanifikia kwa upande, kama mvua ya upepo. Na mti unakaribia kusema marahaba.

Basi yeye ndani, mimi nje chini ya dirisha, pazia katikati, mke wangu anasimama pale dirishani kama karani wa mahakama. Tunasikiana vizuri, hatua mbili hazifiki, lakini kila neno lazima lipite kwake.

"Mwambie mama leo jua ni kali, asogee kivulini."

"Mama, anasema usogee kivulini."

"Mwambie mkwe wangu kivuli kiko upande wa mbuzi."

"Anasema kivuli kiko kwa mbuzi."

"Aah. Mwambie pole."

"Anasema pole."

"Nimesikia. Miguu ndiyo imekufa, masikio bado."

Kabla hata hajafungua kitu, huyu kijana mwenye adabu akafanya adabu nyingine. Akamwambia mke wangu, "Si vizuri mama akae nje kama mgeni na sisi tunasikia. Mpe hii." Akatoa hedifoni, zile kubwa za kufunika masikio, waya mrefu, akaichomeka kwenye tundu la mbele la lile sanduku la kompyuta. Waya akaupitisha nyuma ya pazia, ukatoka dirishani, mke wangu akanikabidhi. "Mama, anasema uvae, sidii ikianza na wewe usikie."

Nikaishika. Mimi nina kilemba, na kilemba changu kimefunika masikio, na jua lile! Nikaivaa shingoni kama mkufu. Nikasahau.

Humo ndani wakafungua ubavu wa sanduku. Nikasikia mke wangu anapiga kelele, halafu kandambili: pa! Mende. Nikauliza, "Huyo naye alikuwa anafanya kazi gani humo?" Mkwe akacheka, halafu akakumbuka kwamba hatakiwi kucheka nami, akakikohoa kile kicheko. Akatoa kifuniko cha plastiki mbele, akasukuma kile kidude mahali pake, akakaza skrubu. Akawasha. Akabonyeza kitufe, na kumbe kweli, kisahani kikatoka nje.

"Ulimi umetoka!" mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imeruka juu. Sijaisikia juu vile tangu watoto walipofaulu.

Wakaweka sidii, kisahani kikarudi ndani. Kimya. Mkwe akatafuta kwenye kioo, akatafuta. "Haionekani. Inafungua, inafunga, lakini mashine haijui kama hiki kitu kiko."

"Mwambie mkwe wangu huo mdomo unakula tu, hausemi umekula nini. Nina shemeji wa namna hiyo."

Akazima, akafungua tena, akawa anajiongelesha humo ndani. Mke wangu ananieleza: nyaya zinatakiwa ziwe mbili. Mmoja unaleta umeme, huo ndio unaofanya ulimi utoke. Mwingine mwembamba, mwekundu, bapa kama utepe, huo ndio unaopeleka kilichosomwa kwenye ubao mkubwa wa ndani. Kijana alikuwa amechomeka wa chakula, akasahau wa habari. Akauchomeka. Akawasha. Nikasikia, "Haya! Imekuja! Iko hapa!"

Mke wangu alikuwa ameegemea dirishani, kiwiko chake kimelisukuma pazia nje.

Mimi nikaangalia mbuzi. Kuna mbuzi mmoja alikuwa ananiangalia na yeye. Nikamwambia, tutabaki mimi na wewe, mura, kijana wangu, na wewe hupiki.

Sidii waliyoitia ilikuwa ya kwetu, ndiyo iliyokuwa karibu. Siku ya ng'ombe. Siku niliyomwoa. Kuna jamaa mmoja alikuwa anazunguka na kamera vijijini enzi hizo, tukamwita, akatupiga picha za video siku nzima, akala nyama kuliko wazee. Ile sidii ilichezwa siku chache, deki ya jirani ikafa, ikafungwa kitambaani mpaka siku ile ya mkwe.

Picha ikaja. Sauti, hakuna.

"Watu wanatembeza midomo tu," mke wangu akasema.

Mkwe akabonyeza huku, akabonyeza kule. Kwenye kioo kuna kialama cha spika, anasema kimewaka sawasawa. Akaangalia nyuma ya sanduku. Kuna matundu yenye rangi, la waridi ni la kupeleka sauti ndani, la kijani la kuitoa nje. Waya wa spika uko kwenye kijani, sawa. Akauchomoa akauchomeka kwenye simu yake, spika zikapiga kelele za muziki mpaka mbuzi wakaruka. Spika nzima. Akazirudisha kwenye kompyuta. Kimya. Akazima mashine, akawasha. Akaanza sidii upya. Kimya.

Na kule dirishani hakuangalia hata kwa bahati mbaya. Macho ya mkwe hayaji upande wa mama mkwe. Ungemweka pale siku tatu, ule upande wenye pazia angeujua kwa mgongo tu.

Mimi sasa, kukaa bure siwezi. Nikamwambia mke wangu, "Niambie nani yuko kwenye picha, nikupe sauti yake, msihangaike."

Akasema, "Mama, acha."

"Niambie!"

"Mjomba wako yuko hapo. Amesimama na fimbo."

Nikakoroma kooni, nikatoa sauti ya mjomba, Mungu amweke, alikuwa anaongea kama anavuta jembe: "Eeeh! Ng'ombe hawa! Ng'ombe hawa si wa kuchezea! Huyu mwekundu peke yake ni mtu mzima!"

Humo ndani nikasikia mkwe anashindwa kujizuia kucheka. Mke wangu naye.

"Sasa baba yangu."

Baba yake, mzee wa Susuni, sauti ya puani, ya mtu anayelalamika huku anapokea: "Aa, mimi sina neno, mimi sina neno, lakini huyu ndama mbona ana jicho moja kama analia?"

"Kweli alisema hivyo!" mke wangu akasema. "Shangazi yangu sasa."

"Kaeni vizuri, mnakaa kama viazi!"

Alikuwa anacheka mpaka anashika dirisha. Nikajisikia vizuri. Nasema ukweli, nilijisikia vizuri sana, nikajisemea, si hivi ndivyo tunavyoishi? Mtu anaacha vipi nyumba inayocheka hivi?

"Sasa mimi," akasema. "Mjomba ananiuliza."

Hii kila mtu anaijua. Nimeifanya kwenye vilio, kwenye harusi, kisimani, kanisani nje baada ya sala. Mjomba anamuuliza bibi harusi, umekubali kwenda kwenye nyumba ya mama huyu? Na yeye anajibu. Nikapandisha mabega, nikafumba macho, nikatoa sauti kama kuku aliyetaga: "Nimekubaliii! Nimekubaliii!"

Wakacheka wote wawili. Yeye akacheka kidogo kidogo, kama kawaida yake kwenye hii. Halafu mkwe akasema, "Wacha nirudishe mwanzo tena," na kazi ikaendelea, na mimi nikabaki na pumzi yangu. Siku hizi mjomba peke yake ananimaliza pumzi.

Nikafungua kilemba nijipepee. Hapo ndipo nikasikia kitu kwenye mfupa wa shingo, kama nzi aliyenaswa kwenye kikombe. Nikapiga, nikidhani nzi kweli. Hakutoka. Nikaishika ile hedifoni, nikaileta sikioni.

Watu!

Watu wote walikuwa humo. Ng'ombe wanalia, watoto wanafukuzwa, mjomba anavuta jembe lake. Nilikuwa nimempata vizuri, mjomba. Baba yake wa Susuni, na yule ndama. Shangazi na viazi vyake. Nikajisifu. Nikaivaa vizuri masikio yote mawili, nikafunga macho. Watu wengine humo ni marehemu sasa, na wanapiga kelele kama vile wana miaka mingine mia.

Kisha mjomba akauliza, kwa Kikurya chetu, polepole: "Binti, wazee wamemaliza. Wewe mwenyewe, umekubali kwenda kwenye nyumba ya mama huyu?"

Nikangoja kuku wangu.

Hakuja. Pakawa kimya. Nikadhani na hedifoni nayo imekufa, lakini nasikia mtu anakohoa, nasikia jogoo mbali. Kimya kile ni kirefu. Halafu shangazi, karibu na kamera, kwa sauti ya chini: "Jibu. Unatutia aibu." Kimya tena. Halafu sauti ndogo, kama ya mtu ambaye ametiwa tonge mdomoni na hajui alimeze ama alitoe: "Nimekub..."

Na hapo vigelegele. Vya kwanza ni vyangu. Sauti yangu naijua. Nimeanza kabla hajamaliza neno.

Nikavua hedifoni, nikaiweka magotini. Ilikuwa bado inalia, ndogo, kama kitoto cha panya.

Miaka yote nimekuwa nampa yeye sauti nisiyoisikia kwake. Watu wa nusu ya wilaya wanamjua mke wangu kwa ile sauti ya kuku. Na yeye alikuwepo, anacheka kidogo kidogo.

Humo ndani mkwe alikuwa anakusanya bisibisi. Alikuwa amechoka, hata ule u-Kenya wake ulikuwa umelegea. "Shemeji, mimi nimefika mwisho. Spika ni nzima. Waya ni mzima. Sidii inasoma. Sauti sijui inaenda wapi. Pengine hii mashine ilikufa sauti zamani, yule mwalimu hakukwambia. Hivi haiwezi kufanya kazi ya watu. Utawapa harusi mabubu?"

Mke wangu akasema, "Basi."

Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimetoka kulisikia lenzake sasa hivi. Sauti ileile. Tonge lileile.

Ningenyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi, nimekaa, nimechoka, hakuna anayeniangalia. Mkwe angepanda pikipiki yake, mke wangu angeifunika mashine kitambaa, tungekula maharage. Mbuzi yule alikuwa bado anatafuna.

Nikasema, "Mwambie mkwe wangu asiondoke."

"Anasema usiondoke."

"Mwambie sauti haijapotea. Iko huku nje. Ninayo mimi."

Mke wangu hakutafsiri hiyo. Akatoa kichwa dirishani. "Unayo nini, mama?"

Nikainua hedifoni. "Sikiliza mwenyewe."

Humo ndani nikasikia kofi, mkwe amejipiga kichwani. "Haki ya nani! Hedifoni! Niliichomeka mbele nikasahau kabisa! Ukishachomeka hapa mbele, mashine inafikiri mtu anataka kusikia peke yake, inanyamazisha spika za nyuma! Mimi nahangaika na draiva, zile programu za sauti, na nini, na waya uko hapa miguuni pangu!" Halafu akashusha sauti, aibu imempata. "Mwambie mama... mwambie mama anisamehe. Huko upande wa dirisha nilikuwa siangalii."

"Mwambie ndivyo inavyotakiwa," nikasema. "Asiangalie. Achomoe tu."

Akachomoa. Waya ukalegea mkononi mwangu, na spika zikafunguka kwa ngoma na vigelegele mpaka jirani akauliza kwa kelele kuna nini. Nilitegemea mke wangu atapiga yowe. Hakupiga. Nikamsikia anasema, "Shemeji, rudisha nyuma kidogo. Hapo mjomba alipo."

Mkwe akarudisha. Mjomba akauliza. Safari hii kimya kile kilikuwa cha nyumba nzima, kilijaa mpaka nje. Shangazi akanong'ona, lakini spika zilikuwa kubwa, mnong'ono wake ukawa kelele. Halafu ile sauti ndogo.

Nikasikia mlango wa nyuma. Mkwe wangu alikuwa ametoka kwenda kunawa mikono, na akakaa huko, ananawa mikono kama anayejiandaa kuzalisha. Huyo kijana ana akili, binti yangu hakuolewa vibaya.

Mke wangu akairudisha tena, sasa alikuwa ameshajua kubonyeza. Akasikiliza peke yake. Halafu akazima, akatoka, akaja akakaa chini pembeni ya kigoda changu, miguu ameinyoosha, kama watu waliotoka shamba.

"Mama."

"Ee."

"Hivi ndivyo nilivyosema?"

"Ndivyo."

"Mbona wewe unanifanya kuku?"

Nikatafuta sauti ya mtu wa kumjibu. Mjomba, shangazi, hata mwalimu wa samli. Sikumpata. "Mimi nilisikia vigelegele vyangu," nikasema. "Wewe sikukusikia."

Akachukua kijiti akaanza kuchora chini. Akasema, "Mimi nilikuwa nakumbuka nililisema lote. Kumbe sikulimaliza."

Maharage yalikuwa yanaungua, tukayasikia harufu wote wawili, hakuna aliyeinuka.

"Sasa nakuuliza mimi," nikasema. "Mjomba amekufa, shangazi yuko kwake, hakuna wa kukufinya. Unataka kwenda Sirari?"

"Nataka."

Hakungoja hata niifunge midomo yangu. Nikasema, "Ah. Hata kukohoa kidogo?" Akacheka, halafu akalia, halafu akasema lile ambalo kumbe lilikuwa limemkaa siku zote za palizi: "Lakini watasema nimekimbia, mama. Ukoo utaenda kwa baba yangu kule Susuni kudai ng'ombe. Baba ni mzee, ng'ombe wenyewe walishakwenda kuoa kaka zangu. Watamla mzima."

Hilo ni kweli. Mke akiondoka bila kutumwa, amekimbia. Na aliyekimbia ng'ombe zake zinarudi, hata kama hazipo.

"Hilo niachie," nikamwambia. "Kaangalie maharage."

Kesho yake nikaenda kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Ni mlima ule, siyo mkali, lakini magoti yangu siku hizi hayajui mkali na usio mkali. Nilipumzika njiani zaidi ya nilivyotembea. Nikamkuta amekaa, anakunywa uji, akanikaribisha kwa ile sauti yake ya debe tupu: "Eeh, shemeji! Leo jua limetokea wapi! Njaa ama ugonjwa?"

"Ni habari tu. Nimemtuma mke wangu Sirari."

"Umemtuma? Mke anatumwa? Ni chumvi?"

"Nimemtuma akafanye kazi ya nyumba yangu. Atakuwa na mashine, atakaa kwa dada yake. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, ili asitokee mtu akasema amekimbia, wala asitokee mtu wa kwenda Susuni kuulizia ng'ombe."

Akaweka kikombe chini. "Na akipata bwana huko mpakani? Na asiporudi? Ng'ombe zile ni za ukoo."

"Ng'ombe zile nilizichunga mimi na kuzikamua mimi. Nilizitoa mimi, kwa mikono hii. Ukoo ulikula nyama tu, na kwenye sidii mnaonekana mnavyotafuna. Mwenye dai ni mimi, na mimi sidai."

Akaniangalia sana. Siyo mtu mbaya, ni mzito tu. Akasema, sasa kwa sauti ndogo, "Na wewe nani atakuchotea maji?"

Nikamwambia nipe uji. Akanipa. Tukanywa, akasema sawa, hatakwenda mtu Susuni. Akamwita mkewe aje asikie na yeye, awe shahidi. Nikarudia maneno yote tena. Jinsi nilivyochoka kurudia maneno!

Mke wangu aliondoka na pikipiki mbili. Moja ilimbeba yeye na zile spika mapajani, nyingine ilibeba sanduku na kioo, vimefungwa kwenye blanketi langu, lile zito. Nikasema bila hilo blanketi nitalia baridi, akasema atalirudisha, nikasema usirudi kwa ajili ya blanketi tu. Akanipa mkono, halafu akaona mkono hautoshi, akanikumbatia, kitu ambacho sisi hatufanyi. Alinuka vumbi la mashine.

Jioni jirani akapita na ndoo yake, akasimama pale kwenye mihogo. Huyo anaongea kama anakupa siri hata akisema mvua imenyesha. "Mama, nimesikia mke wako amekukimbia?"

"Nimemtuma."

"Aaa. Anarudi lini?"

"Muulize yeye."

Akangoja. Alikuwa anangoja nimfanyie ile sauti ya kuku, namjua, alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikamwambia kama anaenda kisimani anichotee na mimi, ndoo iko pale mlangoni.